Pale wanafunzi bora walipoangukia: uchambuzi wa kisa cha Programu ya Meyerhoff, UMBC

Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, kinachojulikana zaidi kwa herufi zake UMBC, kilifunguliwa mwaka 1966 pembezoni mwa jiji la Baltimore. Kilipotimiza miaka 20 kilikuwa na donda ambalo vyuo vingi vya Marekani vilikuwa nalo: vijana weusi waliingia wakitaka kuwa wakemia, wahandisi na watafiti wa tiba, na kabla ya mwaka wa pili kwisha wengi walikuwa wamehama sayansi au wameondoka chuoni kabisa. Freeman Hrabowski, mwanahisabati aliyezaliwa Birmingham, Alabama, alijiunga na uongozi wa chuo mwaka 1987. Amesema hadharani mara nyingi kwamba alipopitia matokeo hakukuta mwanafunzi mweusi aliyepata A katika somo la sayansi la ngazi ya juu.

Ingekuwa rahisi kuanzisha masomo ya ziada, kuajiri wakufunzi wawili watatu na kutangaza kwamba jambo limeshughulikiwa. Kabla ya kuunda Programu ya Meyerhoff, mpango wa kuwaandaa vijana weusi kuwa watafiti wa sayansi, UMBC ilianza kwa kuuliza kijana aliyefaulu vizuri sekondari anaangukia wapi hasa, katika somo gani, na ni nini kinachomwangusha. Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa imeshapatikana upande wa pili wa nchi.

Kilichoonekana Berkeley

Katikati ya miaka ya 1970 Uri Treisman, wakati huo akisomea hisabati kwa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi walikuwa wakianguka kalkulasi, tawi la hisabati linalochunguza mabadiliko. Aliwauliza walimu kwanza. Walimpa majibu ambayo hadi leo husikika kwenye vikao vya idara: hawana ari, sekondari haikuwaandaa, familia hazisukumi elimu, umaskini. Alipoyapima moja moja, hakuna lililosimama. Vijana walikuwa na ari. Wengi walikuwa vinara wa shule walizotoka, na wazazi wao walikuwa wamejinyima mengi ili wafike pale. Hata alama za mtihani wa hisabati wa kuingilia chuo hazikumlinda mtu: waliokuja na alama za juu walianguka kama wengine.

Ndipo akaamua kuwatazama wakisoma. Alichukua wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya Kichina, akawafuatilia kwa miezi 18. Kanuni iliyokuwa ikirudiwa na kila mtu chuoni ni saa 2 za kujisomea kwa kila saa 1 ya darasani. Kwa somo la saa 4 kwa wiki, hiyo ni saa 8, na wanafunzi weusi waliifuata karibu neno kwa neno. Walifanya maswali yote waliyopewa na kuyakabidhi kwa wakati. Ila 18 kati yao walisoma peke yao siku zote. Marafiki walikuwa nao, lakini urafiki ulikuwa na mahali pake na kitabu kilikuwa na mahali pake. Mtu alijifungia na kalkulasi yake, akimaliza ndipo akatoka kuonana na wenzake.

Wale wenye asili ya Kichina walitumia takriban saa 14. Kwanza kila mmoja alipiga msuli peke yake kwa saa 8 hadi 10. Kisha jioni walikutana, mara nyingi na chakula mezani, wakakaguana kazi. Aliyepata jibu tofauti na wenzake alijua kakosea wapi kabla mwalimu hajaona. Swali likiwashinda wote, walijua ni gumu kweli, na mtu akaenda kumuuliza msaidizi wa mhadhiri bila haya. Walipeana majaribio kutoka mitihani ya nyuma. Kaka au binamu aliyetangulia chuoni alipita kuwapima. Kila mmoja alijua amesimama wapi katika darasa lile.

Kwa hiyo pengo halikuwa la saa 6 tu, lilikuwa pengo la habari. Anayesoma peke yake hajui kama swali limewashinda watu wote au limemshinda yeye. Anapata C kwenye mtihani wa kwanza ilhali alitegemea A, na hana wa kumwambia kwamba nusu ya darasa imepata hivyo hivyo. Anahitimisha kwamba hana kipaji, au kwamba mwalimu hamtaki, kisha anaongeza saa za kujifungia. Mtihani wa pili unakuwa vilevile. Kwa kijana mweusi katika darasa la watu 300 ambamo weusi wapo watano, upweke huo ni mzito maradufu, maana ana wasiwasi kwamba akiuliza swali la kijinga atakuwa ameuliza kwa niaba ya watu wake wote.

Mwaka 1978 Berkeley ikaanza warsha za hisabati zilizojengwa juu ya uchunguzi huo, na hapa pana jambo ambalo waigaji wengi hulipuuza. Warsha hazikutangazwa kama msaada kwa walio nyuma. Zilitangazwa kama kundi la wanaotaka kufanya vizuri kupita kiasi. Sababu ni ya kivitendo kabisa: ukiita kitu “masomo ya kufidia”, yule aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao haji, na anayekuja anaingia kichwa chini. Vijana walikutana nje ya mihadhara, mara 2 kwa wiki, saa 2 kila mara, na karatasi ya maswali magumu kuliko ya kitabuni.

Karatasi hiyo ndiyo moyo wa kazi na ndiyo inayochosha kuiandaa. Inahitaji maswali ya namna mbalimbali: yale yanayorudi kila mwaka kwenye mtihani na ambayo kila mtu anadhani anayajua, yale yanayofichua dhana potofu, na yale yanayomlazimisha mtu aende mbele ya silabasi. Mfano wa swali la kufichua: je, kila mahali mteremko wa grafu unapokuwa sifuri pana kilele au bonde? Anayejisomea peke yake huandika ndiyo na kuendelea. Katika kikundi cha watu wanne, mmoja atachora grafu ya x³. Pale kwenye sifuri mteremko ni sifuri, lakini grafu imetoka chini na inaendelea kupanda juu, hakuna kilele wala bonde. Ubishi wa dakika kumi juu ya mchoro huo unaingia kichwani kuliko kurasa tatu za maelezo. Msimamizi wa warsha kazi yake ni kupita meza hadi meza akisikiliza. Haendi ubaoni. Akianza kuhadhiri tu, vijana wanafungua madaftari na kunyamaza, na warsha imekufa.

Mpango ulivyosukwa UMBC

Mwaka 1988 Robert na Jane Meyerhoff, wafadhili wa Baltimore, walitoa fedha za kuanzisha programu iliyobeba jina lao. Robert Meyerhoff alikuwa na uchungu na namna vijana wa kiume weusi walivyokuwa wakionyeshwa kwenye vyombo vya habari, kwa hiyo kundi la kwanza, mwaka 1989, lilikuwa la vijana 19 wa kiume. Mwaka uliofuata wasichana wakaingia. Lengo halikuwa shahada ya kwanza pekee. Tangu siku ya kwanza mwanafunzi aliambiwa kwamba anaandaliwa kwa uzamivu, kwa sababu pale juu, katika maabara na vitivo, watafiti weusi walikuwa wachache mno.

Uteuzi ulikuwa mkali: wastani wa B au zaidi sekondari, alama nzuri katika hisabati na sayansi, na mtihani wa hisabati wa kuingilia chuo usiopungua 600 kati ya 800. Waliofika hatua ya mwisho walialikwa chuoni pamoja na wazazi wao, wakahojiwa na walimu na wanafunzi waliotangulia. Mzazi alikaa pale akasikia kitakachotakiwa, na baada ya hapo kukawa na umoja wa wazazi unaoendelea kukutana. Hilo lina faida yake, kwa sababu mama anayeelewa kwa nini mwanawe anabaki chuoni likizo nzima kuosha vyombo vya maabara hatamwita nyumbani arudi kufanya kazi dukani.

Kabla ya mwaka wa kwanza, kundi zima huletwa chuoni kwa wiki 6 za kiangazi. Wanasoma hisabati, sayansi na somo la historia na jamii ya Wamarekani weusi, kwa alama zinazohesabika kwenye shahada. Ratiba ni ya kubana kuanzia asubuhi hadi usiku, na adabu ya muda inashikiliwa kama jeshini. Wakiitazama kwa haraka, watu hudhani wiki 6 hizo ni za kuwafundisha kemia mapema. Kemia ni sehemu ndogo. Kinachojengwa ni mazoea ya kusoma kwa kundi kabla mtu hajapata nafasi ya kuzoea kusoma peke yake. Septemba ikifika na darasa la mamia likaanza, kijana ana watu 40 hivi anaowajua kwa majina, wanaokaa naye bweni moja mwaka wote wa kwanza, na wanaojua kwamba yeye hisabati anaipata ila kwenye kemia anajikwaa.

Kusoma kwa vikundi si ombi, ni sharti la kundi. Vivyo hivyo kutafuta msaada: anayepata A anatarajiwa kwenda kwa mkufunzi kama anayepata C. Kanuni hii inaonekana ya ajabu mpaka uone inachofanya. Ikiwa wanaokwenda ni walioshindwa tu, mlango wa mkufunzi unakuwa mlango wa aibu na watu wataupita wakijifanya hawauoni. Ikiwa kila mtu anaingia, hakuna anayeweza kusoma hali yako kwa kukuona pale.

Kuhusu alama C, programu ina msimamo ambao wengi wanaona ni mkali mno, na kwa maoni yetu ni mojawapo ya mambo ya busara zaidi. Aliyepata C katika kemia ya kwanza amepita kwa kanuni za chuo. Meyerhoff inamshauri arudie kabla ya kusonga mbele. Kemia ya pili imesimama juu ya ile ya kwanza, na kemia kaboni imesimama juu ya zote mbili. Mwenye C anaingia somo linalofuata akiwa hana robo ya msingi, anapata C nyingine au D, na kufikia mwaka wa tatu anadisko kutoka sayansi huku kila karatasi yake ikionyesha kwamba alikuwa “akipita”. Kurudia kunamgharimu muhula. Kutorudia kunaweza kumgharimu shahada nzima.

Washauri wa programu ni watu wa kazi hiyo pekee. Wanajua alama za mitihani ya katikati ya muhula, wanajua nani kafiwa na nani kagombana na mwenzake wa chumbani, na wanamwita mtu kabla mambo hayajaharibika. Ufadhili wenyewe una sharti la kubaki katika sayansi au uhandisi na kudumisha wastani wa B, yaani 3.0 kwenye kipimo cha 4.0. Sharti hilo lina hatari yake. Mwanafunzi aliyeshuka hadi 2.9 ana kila sababu ya kujificha, na akijificha ndipo anapopotea. Bila mshauri anayegundua mapema na bila utaratibu wa kumpa mtu muda wa kujirekebisha, sharti la alama linageuka panga. Chuo kinachoiga kizingiti cha 3.0 bila kuajiri washauri kimechukua sehemu inayokata na kuacha inayoshika.

Kisha maabara. Kuanzia kiangazi cha kwanza au cha pili mwanafunzi hupelekwa kwenye utafiti, na baadaye wengi hufanya utafiti muda wote wa masomo. Michael Summers, mwanabiokemia wa UMBC anayejulikana kwa kazi yake juu ya muundo wa virusi vya UKIMWI, amekuwa akipokea wanafunzi wa shahada ya kwanza katika maabara yake kwa miaka mingi na kuwapa kazi ya kweli. Kijana anayepima sampuli halisi, akakosea, akarudia, akaona jina lake kwenye makala, hana haja ya kuambiwa kwamba sayansi ni yake. Kwa upande wa walimu matokeo yalikuwa makubwa vilevile. Profesa ambaye hajawahi kuona mwanafunzi mweusi akiongoza darasa anafundisha kwa matarajio fulani, hata kama hajui kwamba anayo. Baada ya miaka kadhaa ya kuwaona wakiongoza, matarajio yalibadilika.

Je, ilifanya kazi?

Kupima programu inayochagua wanafunzi bora ni kazi ngumu, maana mtu yeyote atasema hao wangefaulu popote. Watafiti wa UMBC walipata kipimo kizuri: waliwalinganisha walioingia na wale waliopewa nafasi hiyo hiyo wakaikataa na kwenda vyuo vingine, vingi vyao vyenye majina makubwa kuliko UMBC. Pande zote mbili zilikuwa na sifa zilezile za kuingilia. Walioingia Meyerhoff walikuwa na uwezekano wa takriban mara 5 zaidi wa kuendelea na masomo ya uzamivu katika sayansi na uhandisi. Kipimo hicho hakijaondoa kila shaka, kwa kuwa anayekubali na anayekataa huenda wanatofautiana kwa nia, lakini pengo la mara 5 ni pana mno kuelezwa kwa nia peke yake.

Wahitimu sasa wamepita 1,000. Kizzmekia Corbett, aliyehitimu 2008, alikuwa katika timu ya Taasisi za Taifa za Afya iliyoshirikiana na kampuni ya Moderna kutengeneza chanjo ya UVIKO-19. Jerome Adams alikuwa Daktari Mkuu wa Marekani kuanzia 2017 hadi 2021. Hrabowski mwenyewe aliongoza chuo kama rais kuanzia 1992 hadi 2022, na miaka hiyo 30 ya mtu mmoja kushikilia jambo moja haipaswi kusahauliwa na anayetaka kuiga kwa mradi wa miaka 3.

Lawama nzito zaidi ni kwamba programu inawabeba walio na nguvu tayari. Ni kweli, na jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, Berkeley ilionyesha kwamba hata wenye nguvu walikuwa wakianguka, kwa hiyo kuwaokoa hao si kazi ya bure. Pili, chuo hakikuishia kwao. Mwaka 2005 UMBC ilifungua kituo cha kemia ambamo wanafunzi wote wa kemia ya kwanza, weusi kwa weupe, hufanya kazi kwa timu ndogo zenye majukumu yaliyogawanywa, na idadi ya wanaofaulu somo hilo ikapanda. Mbinu iliyojaribiwa kwa vijana 19 ikaingia darasa la mamia.

Sheria nayo ilibana. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika kesi ya Podberesky dhidi ya Kirwan, ilikataa ufadhili wa chuo ndugu cha College Park uliotengwa kwa weusi peke yao. Mwaka 1996 Meyerhoff ikafungua milango kwa rangi zote, ikimtaka mwombaji aonyeshe kwamba anajali uwakilishi wa makundi yaliyoachwa nyuma katika sayansi. Haikufa, wala haikupoteza sura yake. Wanaohangaika leo, baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2023 iliyozuia vyuo kuzingatia rangi katika udahili, wana mfano wa miaka mingi wa kujifunza kutoka kwake.

Wanaoiga hukosea wapi

Penn State na Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, walianzisha programu zao mwaka 2013 kwa kufuata mfano wa UMBC, na tathmini iliyochapishwa 2019 ilionyesha matokeo ya mapema yanayokaribiana na ya Meyerhoff. Walichofanya ni kuchukua mfumo mzima: kiangazi, bweni, vikundi, washauri, maabara, na kiongozi wa juu anayeujali. Wataalamu wa UMBC walikwenda na kurudi kuwasaidia.

Wengi hawafanyi hivyo. Hutoa ufadhili bila kundi, na kijana anapiga msuli peke yake kama yule wa Berkeley, tofauti ikiwa hana deni. Au huleta wakufunzi bila kuwagusa maprofesa, kisha mwanafunzi anatoka kwa mkufunzi akiwa na moyo na kuingia darasani kuambiwa kwamba nusu yenu hamtakuwepo Desemba. Wengine hupanga alama kwa mkunjo, ambapo A za darasa zina idadi maalumu. Hapo kumsaidia mwenzako ni kujipunguzia alama, na hakuna kikundi kitakachodumu. Kabla ya kuunda vikundi, badilisha kwanza upangaji wa alama: anayefikia kiwango apate A, hata wakifikia wote.

Fedha ni kikwazo cha kweli. Ufadhili kamili wa vijana 50 kwa mwaka hauwezekani kwa kila chuo, ingawa mwaka 1991 Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilianza kufadhili miungano ya vyuo kwa lengo hili kupitia programu yenye jina la mbunge Louis Stokes wa Ohio. Asiye na mfadhili anaweza kuanza na warsha. Msimamizi mmoja aliyefaulu somo hilo mwaka uliotangulia, chumba chenye meza zinazosogezeka, wanafunzi 20 hadi 24 kwa vikundi vya wanne wanne, saa 2 mara 2 kwa wiki kuanzia wiki ya kwanza ya muhula, na karatasi ya maswali 6 hadi 8 kila kikao. Usisubiri mtihani wa kwanza ili uwajue “wanaohitaji”. Ukisubiri, umeshakuwa mpango wa kufidia.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Marekani, jambo la kuangalia huanza mapema zaidi: mtoto asiyesoma aljebra katika darasa la 8 mara nyingi hafiki kalkulasi kabla ya kumaliza sekondari, na programu kama hizi humtazama kwa jicho hilo. Uliza shuleni mtoto akiwa darasa la 6, na uliza nani anaamua, maana mara nyingi ni mwalimu mmoja na fomu moja.

Na kwa idara inayotaka kuanza, kazi ya wiki ya kwanza haihitaji bajeti. Toa matokeo ya kemia, kalkulasi na fizikia ya kwanza kwa miaka 5 iliyopita, yagawe kwa makundi ya wanafunzi, kisha ufuate kila aliyepata C: alifika somo linalofuata? Alipata nini? Yuko wapi sasa? Peleka jedwali hilo mbele ya walimu wa masomo hayo matatu, na uwape muda wa kulisoma kabla mtu yeyote hajataja sababu.